Senti Kumi Iliyotikisika

Uzi wa kwetu hauna shanga. Ni kamba ya mkonge iliyotungwa senti kumi za tundu, zile za wakati wa mkoloni, pembe za ndovu upande huu, taji upande ule. Bibi yangu aliuvaa kiunoni siku alipotolewa mwali. Mama yangu akauvaa. Nikauvaa mimi, ukanikaa vizuri, maana nilikuwa na kiuno cha kutazamwa, si hiki cha leo. Binti yangu naye akauvaa. Kwetu Uluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo senti nazo zimepita huko huko. Wanaume wanaziona siku mwali anapotoka nje, basi, wanarudi kwenye pombe yao.

Sasa uzi umerudi kwangu. Binti yangu amelala makaburi ya misheni. Wanangu wa kiume wameoa wakahamia walikooa. Mwenye nyumba hii, mume wangu, naye alitangulia. Aliyebaki ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa yule binti, niliyemlea tangu hajaota meno, nikamsomesha kwa ndizi na pilipili manga mpaka akajua Kiingereza cha kunisengenyea. Yuko Mwanza, ameajiriwa na sonara, anapima dhahabu na kung'arisha pete za watu. Mimi niko hapa mlimani, upande wa Matombo. Mbele migomba, nyuma mikarafuu.

Usinionee huruma. Nyumba yangu ina bati. Kuku wangu wamenona kuliko wa padri. Lakini nitasema kweli: kuna siku sauti yangu naisikia tu ninapofukuza kuku hao, na hapo nashtuka, nafikiri kuna mwanamke mwingine uani.

Mjukuu wangu alikuwa ananipigia simu Jumapili baada ya misa. Yalikuwa mazungumzo mafupi kama chafya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo, mke mwenzangu?"

"Sijambo. Mvua ipo?"

"Ipo."

"Unahitaji kitu?"

"Sihitaji kitu. Fanya kazi yako."

Ndivyo nilivyomjibu kila Jumapili. Namwita mke mwenzangu kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, utani wa siku zote, na mume wetu akiwa kaburini tumebaki wake wawili hatuna wa kumgombania. Basi tukishamaliza mvua hatukuwa na neno lingine. Yeye angeniambia nini habari za dhahabu? Mimi ningemwambia nini habari za karafuu, ambazo alizikimbia?

Senti ndizo zilizotufungua midomo. Jumapili moja aliuliza, "Bibi, ule uzi wa mwali bado upo?"

Nikamwambia, "Uende wapi? Una miguu?"

Akasema bosi wake, yule sonara mzee, anakusanya sarafu za zamani, na yeye mwenyewe ameanza kuzipenda. Akaniambia nitazame kila senti kama ina kaherufi kadogo, kadogo kama chawa. Nikatazama. Kwenye nyingine nikaona H. Kwenye nyingine K na N zimekaa pamoja. Kwenye nyingine hakuna kitu. Miaka yote nimekaa na senti zile kiunoni na sandukuni, sikuwahi kuziona herufi hizo. Akanieleza kwamba sarafu zetu hazikuchapwa huku, zilichapwa ng'ambo, na kila kiwanda kiliweka alama yake ili ijulikane kazi ni ya nani. Nikasema, kumbe kama sisi wafinyanzi. Chungu changu na chungu cha jirani utavitofautisha shingoni, hata vikiwa vimepangwa pamoja gulioni.

"Hapo hapo, bibi! Umeelewa kuliko mimi nilivyoelewa siku ya kwanza."

Nilivimba kichwa siku nzima.

Tangu hapo simu zikawa ndefu. Kitochi changu akakistaafisha, akanitumia simu ya kupangusa, na ndani ya kifurushi kile kile akaweka lenzi ya sonara, ile wanayoibana jichoni. Kifurushi kikaja kwa basi mpaka Morogoro mjini, kutoka mjini kikapanda kwa pikipiki, kikafika kimelowa matope kama mwenye pikipiki. Mtandao kwangu unapatikana mahali pamoja tu, kwenye jamvi la kuanikia karafuu. Kwa hiyo nikawa nakaa pale juu ya jamvi, lenzi jichoni, simu imewekwa sauti ya juu, na kila apitaye njiani anasikia mambo yetu.

Apitaye sana ni mtani wangu, mzee wa Kinyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge bondeni, akaoa huku, akazeekea huku. Yeye alikuwa akisimama na jembe lake na kusema, "Bibi Mluguru, senti imezaa leo?"

"Imezaa. Imezaa Mnyamwezi, tumemtupa."

"Tazama asije akakuingia jichoni huyo mtoto wa chuma, ukafa kipofu, nikalazimika kuja kuimba matusi msibani kwako bure."

"Bure kwani utalipwa na nani? Nenda, unanizibia jua."

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana bila hilo hutaelewa nilichopoteza.

Mjukuu wangu alinifundisha hivi. Sarafu inapigwa kwa muhuri wa chuma. Zamani ile herufi ndogo ya kiwanda haikuwa ndani ya muhuri tangu mwanzo. Fundi aliitia mwishoni kwa mkono wake, kwa kichuma chenye herufi na nyundo. Akigonga vibaya, anagonga tena. Mkono ukihama kidogo, muhuri unabaki na herufi mbili, moja imepanda juu ya nyingine, na kila senti inayotoka kwenye muhuri ule inazaliwa na herufi mbili. Hiyo ndiyo ya kweli. Watu wa sarafu wanaitafuta kama uyoga.

Iko na ya uongo. Muhuri ni mzima, herufi ni moja, lakini wakati wa kupiga, mashine inatikisika, muhuri unaruka kidogo na kuisukuma ile herufi kabla haujatoka. Senti inabaki na kitu kama kivuli pembeni ya herufi. Ukiiona kwa haraka unasema ni mbili. Kumbe ni moja iliyokanyagwa.

"Sasa nitajuaje?" nikamuuliza.

"Ya kweli inaongeza mwili, bibi. Ya uongo inakula mwili."

Nikakaa nikafikiria vyungu. Udongo ukiwa mbichi tunauchapa shingoni kwa gunzi la hindi. Ukichapa mara mbili, machapa yote mawili yana tumbo na mgongo, na pembeni yanaachana kama kwato la mbuzi. Lakini gunzi likiteleza mkononi, halichapi kitu kipya. Linalaza kile ulichokwisha kuchapa, linakiacha bapa, na chapa yenyewe inabaki nyembamba kuliko wenzake. Nikamweleza hivyo. Alicheka, kisha akasema, "Bibi, hiyo nitamwambia bosi."

Akaongeza jambo la mwisho, na hili ulishike. "Na utazame majirani. Fundi akigonga mara mbili, amegonga ile herufi ndogo peke yake. Mashine ikitikisika, inatikisa na herufi za jirani, zote upande mmoja."

Nilikuwa nasugua uzi mzima kabla ya kuutazama, kama tunavyofanya siku zote. Hilo ndilo kosa letu sisi wa uzi. Mwali hatoki na senti chafu. Kabla hajatoka, shangazi zake hukaa chini na majivu na ndimu wakazisugua mpaka zinacheka. Siku nilipoiona senti moja yenye H na H nyingine nyuma yake, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukata ndimu. Niliisugua kama mgeni anakuja. Ndipo nikapiga picha, nikamrushia.

Simu ikalia hata sijafuta mikono.

"Bibi! Bibi! Hiyo H!"

"Nimeiona kabla yako."

"Mbona inang'aa hivyo? Umeifanya nini?"

"Nimeiosha. Ulitaka nikupigie picha ya uchafu?"

Akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Usisugue! Senti ya zamani haisuguliwi! Mamangu weee, na majivu?"

"Na ndimu."

"Ndimu!"

"Ningetia na chumvi, imeniishia."

Alicheka huku analalamika, nami nilicheka, na mtani wangu njiani akacheka bila kujua tunachocheka. Kisha sauti ya mjukuu wangu ikabadilika. Akasema picha inaonyesha kama ni ya kweli, lakini picha haziaminiki, mwanga wa pembeni unadanganya. Ameshamwonyesha bosi. Bosi amempa ruhusa. "Nakuja mwenyewe, bibi. Nakuja niione kwa macho yangu."

Nakuja. Tangu tulipomzika mama yake alikuwa amekuja mara moja, akakaa kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sasa anakuja, na mimi ndiye nimemleta, kwa herufi ya ukubwa wa chawa.

Nikapaka sakafu udongo mwekundu. Nikatoa godoro juani, nikalipiga kama limeniibia. Nikachagua jogoo, nikaanza kumlisha mahindi, naye hakuuliza kwa nini. Mtani wangu alipita akaona mkeka mpya mlangoni.

"Unaolewa?"

"Mjukuu wangu anakuja."

"Kuja kukuona wewe?"

"Kuja kuona senti," nikasema. Nilisema kwa majivuno, kama mtu anayesema mwanawe anakuja na gari. Yeye hakunitania. Alisema, "Vizuri," akaenda zake. Mnyamwezi akikosa la kutania ujue ameona kitu.

Asubuhi moja, mvua ilikuwa imenyesha na ikakatika, milima yote imeoshwa, jua linapiga jamvi moja kwa moja. Nikasema leo nitaitazama kwa raha, niizoee, akija nimwonyeshe mwenyewe bila kubabaika. Nikabana lenzi. Nikaigeuza senti polepole juani.

Herufi yenye mgongo wa mviringo, mwanga unaipanda taratibu, kama mtu mzima anavyopanda kilima. Hii ya pili haikupandwa. Iliwaka yote mara moja, pwaa, kama kioo, halafu ikazima. Bapa. Ilikuwa ngazi, kama tuta la ngazi kwenye mteremko wa shamba, haina tumbo wala mgongo. Nikatafuta kwato la mbuzi kwenye ncha za herufi. Hakuna. Na ile H ya mbele, nilipoipima na H za senti nyingine, ilikuwa imekonda upande mmoja. Imeliwa.

Nikajiambia, ni majivu. Bibi yangu na shangazi wote wale, na mimi na ndimu yangu, tumeisugua mpaka ikalala. Nilikaa na neno hilo kidogo, na lilikuwa neno tamu.

Ndipo nikatazama majirani. Sikuwa nimewatazama. Tangu siku ya kwanza nilitazama H tu, kama msichana anavyomtazama mchumba asiulize ukoo. Herufi kubwa za jina la nchi, zile za karibu, kila moja ilikuwa na ngazi yake nyembamba, zote upande ule ule, kama migomba iliyolalia upepo mmoja. Majivu hayalazi vitu upande mmoja. Mkono wa kusugua unazunguka. Zile za mbali zilikuwa zimesimama vizuri, na hizo nazo nimezisugua.

Nikatoa lenzi jichoni. Bonde zima lilikuwa linafuka moshi wa vyakula vya watu wengine.

Sikumpigia. Mimi sikuwa nimewahi kumpigia. Nilikuwa nasubiri kupigiwa, ndiyo heshima yangu. Nilitandika, nikapalilia, nikamtazama yule jogoo. Jumapili akapiga.

"Shikamoo bibi. Nimeshaulizia basi."

"Marahaba. Usikate tiketi kwanza. Senti ni ya uongo."

"Nani kasema?"

"Macho yangu yamesema. Ni ngazi. Inawaka mara moja."

Nikasikia pikipiki za Mwanza. Kisha akasema, kwa upole, kama anamwokota mtoto, "Labda ni yale majivu, bibi. Yanaweza kulaza herufi. Tusikate tamaa. Niiangalie mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mlango alikuwa ameufungua yeye mwenyewe. Ningesema "labda," neno moja tu, angekuja. Angefika, angebana lenzi, angetazama kwa muda wa kutafuna karanga, angeona. Angesema pole bibi. Na mimi ningekuwa nimemvusha nchi nzima kuja kutazama kitu ninachokijua. Sikuzaliwa hivyo. Na yeye sikumlea hivyo. Nilimchapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Si majivu," nikasema. "Majirani wametikisika nao. Wote upande mmoja."

"Una hakika?"

"Ulinifundisha wewe."

Akashusha pumzi. "Basi. Nitamwambia bosi." Halafu, "Pole bibi." Halafu, "Kwa hiyo safari... tutaona mwisho wa mwaka, au?"

Mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema lile la siku zote, sihitaji kitu, fanya kazi yako. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Nikatazama jamvi, karafuu nyeusi, mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu. Nikasema kwa hasira, kwa sababu jambo kama hilo sijui kulisema kwa sauti nyingine:

"Njoo."

"Eh?"

"Nakwambia njoo. Hakuna senti. Njoo hivyo hivyo. Nyumba hii ni kubwa kwangu. Jana nimeongea na jogoo, nimemwambia habari za mama yako, mpaka mwisho."

Nikafikiri mtandao umekatika, nikatikisa simu.

"Bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "kila siku unasema huhitaji kitu."

"Nilikuwa nasema."

"Mimi nikajua hutaki nikusumbue. Nikawa natafuta cha kukuuliza. Ule uzi nimeuliza kwa sababu sikuwa na swali lingine."

Basi nikajua kwamba tulikuwa wawili kwenye hizo chafya za Jumapili, kila mmoja na upande wake. Nikamwambia, "Sirudii. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia, mke mwenzangu."

Alikuja. Alifika viatu mkononi, tope mpaka magotini, kwa maana gari lilikwama chini na pikipiki ikakataa kilima. Nikamwambia amekonda kama mpini. Akaniambia nimefupika. Yule jogoo tulimla, sikumlilia. Mtani wangu alikuja akala paja na kumwambia mjukuu wangu kwamba Waluguru ni wachoyo, kuku mzima wamempa paja moja.

Sitasema mambo yalikuwa ya peponi. Alilala sana. Alishinda kwenye jamvi na simu yake, anawajibu watu nisiowajua. Alifunga uzi kiunoni juu ya gauni, akajitazama, akasema unakwaruza. Senti ile aliitazama, nilimwona, kwa muda wa kutafuna karanga kweli, akaitikia kwa kichwa, nami sikuuliza. Tulikwenda makaburini tukang'oa majani, akanikataza kuinama, nikainama. Mchana mmoja mvua ilitufungia ndani, akaniuliza mama yake alikuwa mtoto wa namna gani. Nikamsimulia yale ambayo jogoo aliyasikia kabla yake. Alisikiliza vizuri kuliko jogoo.

Kisha likizo yake ikaisha. Nikamsindikiza mpaka pikipiki zinapoweza kufika, nikamfungia ndizi na pilipili manga kwenye mfuko, akalalamika kuwa mzigo ni mzito, akaubeba. Nilirudi peke yangu. Godoro lilikuwa na umbo lake. Nililigeuza, kisha nikalirudisha kama lilivyokuwa.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado lipo juu ya mikarafuu, nilikaa kwenye jamvi. Haikuwa Jumapili. Nilipangusa simu mpaka nikaipata picha yake, nikabonyeza mwenyewe. Ililia muda mrefu.

"Bibi? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Umefika?"

"Nimefika. Niko kazini. Kuna shida?"

"Hakuna. Nyumba imenyamaza," nikasema. "Ongea kidogo."

Nikasikia anavuta kiti. Nyuma yake mtu aliuliza bei ya pete, naye akamwambia asubiri. Akaanza kuniambia habari za basi, jinsi jirani yake wa kiti alivyomlalia begani mpaka Singida na kukoroma kama trekta, nami nikaweka simu sikioni, bila sauti ya juu, ili ayaseme kwangu peke yangu.